Mume Wangu Anamsemesha Mama Ngome Maneno Yangu

Mama Eufrazia, shikamoo. Nakusoma kila gazeti linapofika huku Mlali, hata likifika limechelewa, hata likifika limefungiwa maandazi, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitakaa nikuandikie mimi, lakini maji yamenifika shingoni na naomba unijibu kabla ya Pasaka, kwa sababu Pasaka ikipita nitakuwa sina mume, au nitakuwa naye na ndugu zangu hawanitaki, na sijui lipi lina nafuu.

Mimi ni mkulima wa mboga, kabichi na nyanya. Mume wangu anaitwa Tumaini, ni mtu wa Singida, tulionana Morogoro mjini alipokuwa fundi mitambo kiwandani, na kiwanda kilipouzwa wafanyakazi wakapunguzwa naye akiwemo, akachukua kiinua mgongo chake akanunua televisheni, deki na jenereta, tukaja kukaa Mlali kwenye ardhi ya ukoo wetu na pale akafungua banda la video. Kwa kuwa unasomwa na watu wa kila mkoa naomba nieleze kwamba sisi Waluguru ardhi inatoka kwa mama, mwanamume akioa kwetu huja kukaa kwa mkewe na panga lake, na ndoa ikivunjika huondoka nalo, watoto wanakuwa wa ukoo wa mama na mwenye sauti juu yao ni mjomba. Hayo Tumaini hakufichwa, aliambiwa mbele ya watu siku ya mahari, akaitikia kwa sauti na akapigiwa makofi.

Banda lilianza na kanda za karate na za Kihindi, halafu mwaka jana akarudi kutoka mjini na kanda za katuni ya Kijapani, alizikuta ndani ya robota la mitumba, maboksi yake yana maandishi kama kuku amepita kwenye majivu. Lugha haijui yeye, sijui mimi, hajui mtu yeyote hapa, kwa hiyo Tumaini anapunguza sauti ya kanda, anashika kipaza sauti na kutafsiri, na kutafsiri kwake ni kutunga, kila mtu analijua hilo na ndicho wanachokifuata. Majina ya wahusika pia amewapa yeye. Usinicheke Mama, najua mtu mzima na katuni, hata mama yangu ananiuliza kama nimerudi darasa la kwanza, lakini hii si ya watoto, ina mambo ya watu wazima, na mimi naipenda kuliko nilivyowahi kupenda kitu chochote cha kutazama, mchana banda likiwa tupu nilikuwa naomba niwekewe peke yangu bila tafsiri, niwatazame nyuso tu.

Ni habari ya ngome iliyo juu ya mlima wenye theluji, na mwenye ngome ni mwanamke, Tumaini amempa jina Mama Ngome. Ukutani kuna picha ya mama yake, ya baba haipo, kwa hiyo sisi wa huku tulielewa mara moja kwamba ngome ni ya upande wa mama. Halafu anakuja mwanamume mwenye upanga kutoka mbali, hana kwao, huyo anaitwa Mgeni, anakaribishwa na anailinda ngome. Na jikoni kuna binti mpishi mwenye kucheka, huyo ni Asha. Basi vijana wote wa hapa wanataka Mgeni amchukue Asha, wanapiga miluzi akitokea, wanasema ana roho nzuri, na Mama Ngome wanamzomea, wanasema huyo ni barafu, huyo hana moyo, anamtumia Mgeni kama punda.

Mama Eufrazia, wote hawajui kutazama. Kwanza huyo Asha wanamsingizia furaha. Anamchekea Mgeni, kweli, lakini anamchekea na mchunga farasi vilevile na anamchekea hata mbwa, halafu kuna kanda moja anazunguka nyuma ya jiko anakaa kwenye kuni anaitazama mikono yake iliyoungua, na pale hacheki, ila watu hawaioni sehemu hiyo kwa sababu Tumaini anaitumia kutangaza soda. Na Mama Ngome ndiye aliyeonewa kuliko wote. Mgeni anapokwenda vitani yeye anasimama juu ya ukuta, theluji inamwangukia, hatikisiki, na bandani wanaambiwa anahesabu maiti. Lakini ukitazama mkono wake umeshika kamba ya upanga wa Mgeni, ile ya zamani iliyokatika, na mkono unatetemeka. Mkono tu. Uso hauwezi kutetemeka kwa sababu askari wanamtazama, na mwenye nyumba akilia nyumba nzima inalia. Na kila wakati wa kula anaweka bakuli la wali mahali ambapo hakai mtu, hasemi neno, anaondoka. Tumaini akatafsiri kwamba anawawekea mizimu. Mizimu gani! Ni chakula cha Mgeni. Lakini Mgeni anapita pale bila kulitazama, anakwenda kula na wachunga farasi, na watu wanampigia makofi.

Mimi naijua hali hiyo kwa sababu na mimi humwekea Tumaini chakula, nafunika, naondoka, sisemi neno, na mara nyingi nakikuta kama kilivyo, anasema ameshakula chapati njiani.

Sasa nifike kwenye kidonda. Tangu mwezi wa kumi na moja Mama Ngome akaanza kusema maneno yangu. Siyo mfano wa maneno yangu, maneno yenyewe, yale ya chumbani. Tuligombana mimi na Tumaini kwa sababu aliuza miche ya kabichi bila kuniuliza, nikamwambia, "Hapa si Singida. Ukichoka, njia uliyojia haijaota majani, na panga lako liko nyuma ya mlango." Nilisema kwa hasira, sikatai. Jumamosi yake nimekaa bandani kwenye benchi la nyuma, Mama Ngome anafungua mdomo kwenye theluji, na sauti ya mume wangu inatoka nyembamba kama ya mwanamke, "Ukichoka, njia uliyojia haijaota majani! Panga lako liko nyuma ya mlango!" Banda zima likaanguka kwa kicheko. Nilijua wamenijua, kwa sababu walicheka wakageuka.

Tangu siku hiyo haipiti wiki. Nikimwambia jambo leo, keshokutwa Mama Ngome analo. Kisimani sasa naitwa Mama Ngome, sokoni mwanamke mmoja aliniuliza kama kabichi zangu zimetoka kwenye theluji, na binti yetu, anasoma darasa la tatu, alirudi shuleni akaniuliza, "Mama, kwa nini unamfukuza baba kwenye katuni?" Niliingia shambani nikalia. Tumaini nilipomwambia aache, alinijibu, "Ni katuni tu, mke wangu, wewe umekuwa Mjapani lini?"

Na kinachoniuma zaidi, nasema kama mpenzi wa katuni hii, ni kwamba hata Mgeni amemharibu. Mgeni kwenye picha ni mtu mwenye heshima zake, hasemi hovyo, lakini Tumaini anamfanya mlalamishi. Anasimama mlangoni pa ngome, mlango mzuri ajabu, Tumaini anamsemesha, "Mlango huu nimeuchonga mimi, lakini nikiingia napiga hodi." Anakaa na watoto wa ngome anawafundisha upanga, eti anasema, "Ninawafundisha watakaoitwa wa mtu mwingine." Siku nyingine yupo peke yake juu ya farasi, hakuna hata anayeongea naye, midomo imefungwa kabisa, na Tumaini anaingiza sauti, "Zamani king'ora kikilia watu walinisubiri mimi ndipo mashine iwake." King'ora na mashine kwenye ngome ya theluji! Hata wanaomshangilia siku hiyo walinyamaza, hawakujua wacheke wapi.

Habari zikamfikia mjomba wangu Fidelis kule Kinole, akaja mwenyewe, akakataa hata chai. Akasema, "Mwanamume anakula kwenye ardhi yetu halafu anatutukana kwa kipaza sauti? Kwaresima hatuvunji nyumba ya mtu. Ila Pasaka ikipita nitakuja, na wewe, mwanangu, utasema neno moja tu mbele yangu, akae au aende. Akienda atabeba alichokuja nacho." Tumaini yeye amekwisha kutangaza mpaka stendi kwamba kanda ya mwisho ataionyesha Jumatatu ya Pasaka, siku Mama Ngome atakapofukuzwa ngomeni, watu waje mapema. Kanda hiyo ameificha, mimi sijaiona na sijui kama kweli anafukuzwa.

Mama, nimwache mjomba amwondoe? Au nivumilie jina hili mpaka watu wachoke? Nampenda mume wangu, lakini siwezi tena kufungua mdomo nyumbani kwangu mwenyewe, naogopa nitausikia Jumamosi. Jina langu liandike tu, la kuficha limeshakwisha.

Ni mimi Bernadeta, Mlali.

*

Bernadeta, marahaba.

Nilipoisoma barua yako mara ya kwanza nilicheka, na nakuomba radhi, maana nilicheka kama watu wa bandani. Mara ya pili sikucheka. Pole, mama. Kuaibishwa na adui kuna dawa, unampa kisogo. Kuaibishwa na mtu anayejua unavyoongea ukiwa umevua kilemba, huyo unampa kisogo halafu unalala naye. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee hawakukosea.

Nianze na huyo mumeo, kwa sababu gazeti hili likifungiwa maandazi huko Mlali huenda likamfikia mkononi. Wewe Tumaini! Mwanamume mwenye neno na mkewe hulisema chumbani, na akishindwa huita wazee. Hapangi watu kwenye mabenchi na kuwatoza kiingilio. Umechukua kinywa cha mama wa mtoto wako ukakiweka kwenye picha ya watu wa mbali ambao hawawezi kukukanusha, kisha unasema ni katuni tu. Binti yako ameuliza swali ambalo hakuna mtoto anayestahili kuliuliza. Hilo umelifanya wewe, si Wajapani. Zima hicho kipaza sauti.

Sasa rudi kwangu, Bernadeta, na usidhani umepona.

Umeandika kwamba maneno ni yako. Umeeleza kwa urefu jinsi yalivyosikika yakitoka kwenye spika, na kuhusu jinsi yalivyosikika yakitoka kwako umeandika "kwa hasira, sikatai," basi, ukapita. Mwanamume kazi imeuzwa akiitazama, kwao ni mbali, pesa yake yote ya mwisho imo ndani ya deki na jenereta, na wewe unamwonyesha njia kwa ajili ya miche ya kabichi. Unaniambia hayo yote alielezwa siku ya mahari akaitikia kwa sauti. Aliitikia akiwa na mshahara, mwanangu. Kuitikia mara moja mbele ya makofi ni rahisi. Kuitikia kila asubuhi ukiwa huna zamu ya kuwahi ni kazi nyingine kabisa.

Sikuambii uache mila yenu. Mimi huandikiwa kila wiki na wanawake waliofukuzwa na mashemeji siku ya arobaini ya mume, wametoka na nguo walizovaa, nao wangetembea kwa miguu mpaka Uluguru kama mngekuwa mnagawa kiasi kidogo cha mila hiyo. Ishike ardhi yako kwa mikono yote miwili. Ila mama zako walikurithisha shamba. Hilo la kumkumbusha mtu panga lake kila mnapogombana, sidhani kama walikurithisha.

Halafu likaja jambo lililonikasirisha kweli. Umeniandikia maneno ya Mgeni moja baada ya jingine, ya mlango, ya watoto, ya king'ora, na umeyaandika kama mtu anayelalamikia fundi aliyeharibu gauni. Wewe uliyeuona mkono wa mwanamke wa kuchorwa ukitetemeka! Wewe uliyejua binti wa jikoni anaficha nini nyuma ya kicheko! Mlango wa nyumba yako umechongwa na nani, Bernadeta? King'ora kililia wapi? Banda zima lilinyamaza siku ile, vijana wanaopiga miluzi, wavuta bangi, wauza karanga, wote walitambua kwamba mtu amesema kweli na hawakujua wafanye nini. Wewe uliyekaa benchi la nyuma ulikuwa unasikitika kwamba ngome za theluji hazina mashine.

Umesikiliza kila alilomtia mwanamke mdomoni kwa sababu lilikuwa lako. Alilomtia mwanamume lilikuwa lake, nalo hukulisikia. Ndiyo maana akaendelea. Sisemi alifanya vema. Nasema alikuwa anagonga, na aliposhindwa kusikika akagonga kwa kipaza sauti, na mtu wa namna hiyo hugonga mpaka avunje.

Kuhusu mjomba Fidelis, mheshimu na umkatalie. Mpelekee salamu kabla ya Pasaka, si baada, kwamba asije mpaka umwite. Anataka neno moja, akae au aende. Nyumba haikujengwa kwa neno moja na haistahili kuvunjwa kwa neno moja, na kama wewe huna la kusema zaidi ya hilo basi hata mimi umenipotezea wino.

Utafanya hivi. Kabla ya Jumatatu ile, mchana, banda likiwa tupu, mwambie Tumaini aweke hiyo kanda ya mwisho na mkae benchi moja. Sauti ya Kijapani iwe juu, kipaza sauti kikae chini, asitafsiri mtu. Usimweleze Mama Ngome ana moyo gani, na yeye asikueleze Mgeni ana uchungu gani. Katuni ikiisha umuulize mumeo swali moja ambalo kwenye barua ndefu hivyo sikuona popote umeuliza: yeye anaishije hapo Mlali. Kisha unyamaze, hata akichukua muda mrefu. Ukisikia ulimi unakuwasha umjibu, uung'ate.

Na umwombe radhi ya panga, kwa kulitaja panga lenyewe. Naye akuombe radhi ya banda, lakini hiyo si ya benchini. Aliyekutukana kwa spika hutubu kwa spika. Jumatatu ya Pasaka, watu wakiwa wamejaa, kabla hajaanza kutafsiri, aseme kwa sauti yake mwenyewe ya kiume kwamba yale maneno hayakuwa ya Mama Ngome na hakuwa na haki ya kuyauza. Akishindwa hilo, na akamfukuza Mama Ngome mbele ya binti yenu kama alivyotangaza, basi kesho yake asubuhi chukua panga nyuma ya mlango umkabidhi wewe mwenyewe, mkono kwa mkono, mjomba asiwepo, na mtoto amuage kama baba. Usimtume mtu.

Sikuahidi kwamba mtapona. Mmeliacha jambo hili muda mrefu, na mimi si mtu wa kumpaka mgonjwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Huenda kanda ikaisha na yeye akabaki kimya, na hilo litakuwa ni jibu, utalibeba.

Lakini leo, kabla ya yote hayo, mpikie. Usifunike ukaondoka. Kaa hapo mpaka aingie, na akisema ameshakula chapati mwambie kwa mdomo wako, "Hiki nimepika kwa ajili yako." Umemsifu Mama Ngome ukurasa mzima kwa kuweka bakuli bila kusema ni la nani. Mimi simsifu. Mgeni alipita karibu na chakula chake kila siku, na njaa anayo.